Siku Nne kwa Mwaka: Je, Mwenye Ndoa Ana Haki ya Marafiki Wake wa Zamani?



Mama mmoja wa Nakuru ametuandikia. Ameolewa kwa miaka kumi na minne na ana watoto watatu. Kila mwaka ifikapo Julai, baridi ikiwa imekolea, mume wake hufunga begi na kwenda Nanyuki kwa siku nne pamoja na wanaume sita aliosoma nao chuo kikuu. Hukodi nyumba, huchoma nyama, huota moto usiku na kuzungumza. Wake zao hawaalikwi. Mama huyu hasemi kwamba mume wake ni mlevi au mzinzi. Anasema jambo dogo zaidi, na labda lililo zito zaidi: mume wake hurudi akiwa na furaha ambayo si yeye mke aliyeileta. Anauliza: je, mtu aliyekwisha kufunga ndoa bado ana haki ya kuwa na siku zake na watu wake? Na mke akikataa, je, anaona wivu tu, au anaitetea ndoa yake?

Wako watakaomjibu upesi. Wengine watasema: mume na mke ni mwili mmoja, basi asiende mahali ambapo mkewe hawezi kwenda. Wengine watasema: ni siku nne tu, mwache mzee apumzike. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Mimi siwezi kumjibu mama huyu kama mwalimu aliyesimama nje ya swali, kwa sababu swali hili liliwahi kuingia nyumbani kwangu, nami nikalijibu vibaya. Basi niruhusuni nianze na hayo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 1997, na masomo yangu yakaishia hapo. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari. Alisoma Chuo Kikuu cha Kenyatta na kumaliza mwaka 2003. Tulifunga ndoa mwaka 2006 na tunaishi Kinangop, ambako ifikapo Julai mtu huamka na kukuta majani ya shamba yamekuwa meupe kwa sakitu.

Huko chuoni mke wangu alikuwa na marafiki watano. Pesa za mkopo zilipochelewa walichanga na kupika sufuria moja. Mmoja alipokosa chumba, walilala wawili kitanda kimoja muhula mzima. Mwaka 2010 walikutana kwenye matanga ya mzazi wa mmoja wao, na mmoja akauliza kwa nini siku hizi wanaonana makaburini tu. Tangu siku hiyo waliagana kwamba kila Agosti, shule zikifungwa, watatoka pamoja siku nne, wakimbie baridi na kwenda Kilifi. Hukodi nyumba yenye jiko na kupika wenyewe. Kila mmoja huweka akiba ya shilingi 1,000 kila mwezi kwa mweka hazina wao. Mwanzoni walikwenda kwa basi, na tangu 2017 huenda kwa treni hadi Mombasa, kisha matatu.

Miaka ya kwanza nilimruhusu. Angalieni neno hilo: nilimruhusu. Nilijiona mume mwema sana. Lakini ndani yangu kulikuwa na mwiba. Kila aliporudi alizungumza Kiingereza chepesi kwenye simu na wenzake, akacheka, akataja majina ya wahadhiri na mabweni nisiyoyajua. Nilijiambia kwamba huko wanamcheka mumewe katekista. Hakuna aliyenicheka. Mwiba ule niliupanda mwenyewe.

Mwaka 2018 nilikataa. Nilitoa sababu nzuri, kwa maana mtu mwenye wivu hakosi sababu nzuri. Nilisema karo imepanda, mtoto mdogo anakohoa, ng'ombe amekaribia kuzaa. Mke wangu alinitazama, akasema, "Sawa, Baba Watoto," akaenda jikoni. Hakubishana. Nikafikiri nimeshinda.

Agosti ile, mmoja wa wale marafiki aliwaambia wenzake huko Kilifi kwamba ana saratani, na kwamba imekwisha kuenea. Hakutaka kulisema kwa simu. Alikuwa amengoja mwaka mzima aseme wakiwa wameketi pamoja. Waliomsikia walikuwa wanne. Mke wangu alipata habari baada ya wiki mbili, kwa sauti ya mtu mwingine. Yule dada alifariki Februari 2019. Kwenye mazishi wale wanne walisimama pamoja karibu na kaburi wakishikana mikono. Mke wangu alisimama kando yangu. Nilimwambia aende kwa wenzake. Akasema hapana, yeye hakuwa nao.

Tukiwa kwenye matatu ya kurudi nyumbani aliniambia neno moja ambalo silisahau: "Hukunizuia mimi tu. Ulimzuia na yeye kuniambia."

Wapendwa, tangu siku hiyo nimejiuliza ni kitu gani hasa nilichokichukua. Sikumpiga mke wangu, sikumtukana, na pesa za akiba nililipa karo kweli. Mbele ya watu sikukosa lolote. Hata hivyo nilikuwa nimechukua kitu kisichokuwa changu. Tukijua kitu hicho ni nini, tutakuwa tumemjibu mama wa Nakuru.

Tuanze na huo mwili mmoja. Siku ya harusi tuliahidiana uaminifu, upendo na heshima, katika raha na katika taabu, katika uzima na katika ugonjwa. Ahadi hiyo ni kubwa, wala sitaki kuipunguza. Lakini hakuna aliyeapa kuwasahau watu waliomjenga. Mke wangu hakuzaliwa siku niliyomwona kwa mara ya kwanza. Alikuja kwangu akiwa tayari na moyo wa kuvumilia, na ucheshi, na mkono wa kugawa kidogo alicho nacho. Hayo alijifunza wapi? Mengine kwa mama yake, mengine kwenye ile sufuria moja ya chuoni. Mimi nilipokea mavuno halafu nikachukia shamba.

Fikirini maji ya Nairobi. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwenye mito ya milima hii yetu ya Nyandarua, yakapitia bwawa la Ndakaini. Sijasikia mtu wa Nairobi akiyaonea wivu maji ya bomba lake kwa kuwa chemchemi yake haiko uani kwake. Anayakinga na kupika. Basi, mama wa Nakuru, furaha aliyorudi nayo mume wako inaweza kuwa maji ya namna hiyo. Hukuyachimba wewe, lakini kama yanafika mezani kwako, ni yako pia. Swali la kuuliza ni kama yanafika.

Mwanafalsafa wa Kigiriki, Aristoteli, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba urafiki uko wa namna tatu: wa faida, wa kujifurahisha, na ule wa watu wanaotakiana mema kwa ajili ya wema wenyewe. Huo wa tatu ni adimu, na huhitaji muda. Alifundisha pia kwamba umbali hauuvunji urafiki, ila huulaza usingizi, na usingizi ukiwa mrefu sana, watu husahauliana. Padre mmoja aliyetufundisha makatekista ndiye aliyenieleza hayo, nami niliona yanawahusu watu wa umri wetu kabisa. Tukiwa vijana, urafiki haukuhitaji mpango. Tulikuwa katika chumba kimoja. Sasa mmoja yuko Kisumu, mwingine Garissa, mwingine Kinangop, kila mtu na watoto na deni lake. Wasipopanga siku, urafiki hufa bila ugomvi, bila hata mtu kuarifiwa.

Na hapa wanaume tujikague. Mimi sikuhitaji siku nne za Kilifi, nikajisifu kwamba natosheka na nyumba yangu. Siku moja nilifanya hesabu. Kila wiki, baada ya mpira na baada ya Misa, nilikaa na wanakwaya wenzangu sokoni, chai na nyama kidogo, kama shilingi 300. Kwa mwaka ni 15,600. Mke wangu alikuwa akiweka 12,000. Yeye alikuwa na safari inayoonekana, mimi nilikuwa na safari isiyoonekana, kwa kuwa nilikwenda kila wiki na kurudi kabla ya giza. Wanaume wengi tunatumia urafiki kama sarafu za mfukoni, kidogo kidogo kila siku. Mwanamke wa nyumbani mara nyingi hungoja mwaka mzima apate noti moja. Noti ile ndiyo tunayoiita anasa.

Sasa nitawatolea mfano wa watakatifu wawili, kwa sababu nao walikuwa marafiki wa masomo. Basili na Gregori wa Nazianzo walisoma pamoja Athene katika miaka ya 350, mji uliokuwa kama mji wa vyuo vikuu wa siku zile. Kanisa huwakumbuka pamoja siku moja, tarehe 2 Januari. Baada ya masomo, Basili alijitenga mahali pa kimya huko Ponto, kando ya mto, akamwita rafiki yake. Wakiwa vijana, Gregori alikuwa ameahidi kwamba wataishi pamoja. Lakini alikuwa na wazazi wazee waliomhitaji nyumbani. Basi alimwandikia Basili na kukiri kwamba hakutimiza ahadi yake, kwa kuwa sheria moja ilikuwa imeishinda sheria nyingine: wajibu kwa wazazi ulikuwa juu ya wajibu kwa rafiki. Hata hivyo hakuutupa urafiki. Alipendekeza wagawane: wakati mwingine yeye aende kule, wakati mwingine Basili aje kwao, ili iwe sawa kwa wote.

Gregori alikwenda kweli, akakaa kwa muda, akarudi. Katika barua zake anamtania Basili kuhusu mkate mgumu ulioyashinda meno, na nyumba ambayo mekoni hamkuwa na moto, na kwamba wangekufa njaa kama mama yake Basili asingewaokoa. Halafu katika barua nyingine anakumbuka kwa hamu sala walizosali, kuni walizobeba na mti walioupanda. Baadaye waliudhiana sana, Basili alipomfanya Gregori kuwa askofu wa mji mdogo asioutaka, mwaka 372. Lakini Basili alipofariki mwaka 379, Gregori ndiye aliyetunga hotuba ndefu ya kumkumbuka, na humo alisimulia siku zao za Athene. Nani mwingine angeweza kuzisimulia? Rafiki wa ujanani ni shahidi. Anazo kurasa za maisha ya mtu ambazo mume au mke hakuzisoma.

Mtasema, hao hawakuwa na wake. Ni kweli. Lakini kanuni ya Gregori yatufaa sana sisi wenye ndoa. Kuna sheria mbili, na zote ni za kweli. Ya nyumbani ndiyo kubwa. Zikigongana, ile ya nyumbani ishinde. Lakini kubwa kushinda ndogo si sawa na kubwa kuifuta ndogo. Mtoto akilazwa hospitali, safari isimame mwaka huo, na rafiki wa kweli ataelewa. Mtoto akikohoa tu, na baba yupo nyumbani na anajua kuchemsha maji ya tangawizi, hakuna sheria iliyogongana. Ni baba anayetafuta sababu. Nami ndiye niliyekuwa baba huyo.

Mtume Paulo, katika barua ya kwanza kwa Wakorinto sura ya saba, anawaonya wana ndoa wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano, kwa muda, kwa ajili ya sala, kisha warudiane. Anazungumza juu ya sala wala si safari ya Kilifi. Lakini mambo matatu aliyoyataja yanatosha kupima kila kutengana kwa mume na mke: mmekubaliana? Kuna mwisho unaojulikana? Mnarudiana kweli? Angalieni kwamba hasemi juu ya ruhusa. Ruhusa hutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mapatano hufanywa na watu wawili walioketi sawa.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu. Mama wa Nakuru anaweza kusema: Katekista, mke wako alikuwa akisafiri na wanawake wema. Mimi nitajuaje yanayotendeka Nanyuki? Ni swali la haki, wala sitalipuuza. Tunajua nyumba ambazo safari ya marafiki ilikuwa pazia tu. Tunajua karo iliyoliwa kwa chupa, na mume aliyezima simu siku nne huku mke akihangaika na mtoto mgonjwa usiku. Mambo hayo tusiyape jina zuri la urafiki. Marafiki wanaomfichia mwenzao uzinzi wanashirikiana naye kuibomoa nyumba.

Lakini tutofautishe siri na amana. Mke wangu aliporudi miaka ile, mambo mengine hakuniambia. Mmoja wa wenzake alikuwa na shida na mumewe, mwingine alipoteza mimba. Nilidai kujua, nikamwambia kwamba mwili mmoja hauna siri. Leo najua nilikosea. Mambo yale hayakuwa yake, yalikuwa ya wenzake, naye alikabidhiwa ayatunze. Mimi mwenyewe kama katekista husikia mengi ya watu, wala sijawahi kumsimulia mke wangu, na yeye hajawahi kunidai. Hiyo ni amana. Siri inayoharibu ndoa ni ile inayohusu mimi na wewe: nilikuwa wapi, nilikuwa na nani, nimetumia nini, nimefanya nini. Hapo mwenzako ana haki ya kujua bila kuomba. Kwa hiyo kipimo si kwamba kila neno la Nanyuki lisimuliwe Nakuru. Kipimo ni hiki: je, kuna jambo alilotenda huko ambalo angeogopa umwone akilitenda? Kama hakuna, mwache na amana zake. Kama lipo, siku nne si tatizo lenu, kwa kuwa angelitenda hata kwa saa moja.

Nitawaambia yaliyotokea baadaye nyumbani kwetu. Agosti 2019, wale wanawake waliobaki hawakuwa na moyo wa kwenda pwani. Nilimwambia mke wangu: waalike hapa. Alishangaa. Nikasema, mwaka huu wao waje kwetu. Walikuja katikati ya baridi kali ya Kinangop, wamejifunga leso na makoti. Niliwaachia chumba chetu, nikalala na wanangu. Nilipasua kuni, nikawasha moto jikoni, nikachoma viazi kwenye jivu, nikatoka.

Usiku ule nikiwa kitandani nilisikia mke wangu akicheka. Nilikuwa nimeishi naye kwa miaka kumi na mitatu, nikadhani nakijua kicheko chake. Kile sikukijua. Kilikuwa cha msichana wa miaka ishirini. Kisha wakanyamaza, nikasikia wanalia kwa ajili ya mwenzao. Kisha wakacheka tena. Nililala macho wazi nikiwaza: mtu huyu yuko hai ndani ya mke wangu miaka yote hii, na mimi sina ufunguo wa kumfungulia. Wenye ufunguo ndio hawa. Na mimi mwaka uliopita niliwafungia mlango.

Hicho ndicho kitu nilichokichukua mwaka 2018. Kuoana si kumiliki miaka yote ya mwenzako, hata ile ya kabla yako. Mimi nimepewa kumpenda mke wangu mzima, na sehemu yake moja hutunzwa na watu wengine. Nikiwanyima watu hao nafasi, sijaongezewa mke. Nimepunguziwa.

Sasa nishauri kwa ufupi, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

1. Panga mapema, na mpange wawili. Tarehe, mahali, watu na pesa vijulikane miezi kadhaa kabla. Safari inayotangazwa Jumatano kwa Ijumaa si ya mapatano. Ni ya amri.

2. Pesa iwe ya akiba, si ya karo. Shilingi chache kila mwezi, mwenzako akijua, ni bora kuliko deni la siku moja. Kama mwaka huu hakuna, kutaneni kwa siku moja kwenye nyumba ya mmoja wenu. Marafiki wa kweli hawawezi kumdharau mwenzao aliyepungukiwa.

3. Anayebaki naye apate zamu yake. Hapa ndipo wanaume wengi huanguka. Baba huenda Nanyuki siku nne, na mama hajalala nje ya nyumba tangu ajifungue mtoto wa kwanza. Kama kupumzika na marafiki ni kwema kwa mmoja, ni kwema kwa wote wawili. Mume ambaye hawezi kubaki na watoto na ng'ombe kwa siku nne asiombe siku nne zake.

4. Simu iwe wazi. Si ya kuulizana kila saa, bali ili mtoto akiugua baba au mama apatikane.

5. Wajuane. Angalau mara moja kwa miaka kadhaa, marafiki hao waje nyumbani, wale pamoja na familia. Wivu hupenda kula sura zisizojulikana. Ukishamwona mtu anapuliza moto kwa moshi machoni, ni vigumu kumwogopa.

6. Rudi kweli. Siku ya kurudi usilete uchovu na nguo chafu tu. Keti na mwenzako, simulia yanayosimulika, na uulize ya nyumbani yaliendaje. Furaha uliyoipata huko iwe na sehemu ya watu wako.

Kwa mama wa Nakuru nasema hivi. Dada yangu, usimkataze Julai hii kabla hamjazungumza. Mwambie mumeo neno lile uliloliandika kwetu, kwamba anarudi na furaha usiyoijua, nawe unabaki nje. Usimwambie kama mashtaka, mwambie kama maumivu, maana ndivyo yalivyo. Mwombe awaalike wenzake na wake zao siku moja nyumbani kwenu. Mwombe pia siku zako mwenyewe, na dada zako au wenzako wa shule ya wasichana. Kama ni mume mwema, ataona aibu kidogo, kisha atakubali. Kama atakataa yote, akataka yake tu, basi mtafuteni padre au wana ndoa wazee wa jumuiya yenu mzungumze, kwa sababu ugonjwa uko mahali pengine, wala hauponyi kwa kufuta safari.

Na kwa mumewe, kama ukurasa huu utafika mkononi mwake Nanyuki kando ya moto: ndugu yangu, furaha hiyo ni njema. Usiione haya. Lakini jiulize ni lini mara ya mwisho mke wako alicheka namna hiyo, na ni nani mwenye ufunguo wake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, mume na mke: Je, nawajua kwa majina marafiki wa mwenzangu wa kabla ya ndoa? Ni nani kati yao aliyesahaulika kwa sababu yangu? Je, mimi nina safari yangu isiyoonekana, ya kila wiki, ambayo sijawahi kuihesabu? Je, kuna jambo ambalo ningeogopa mwenzangu anione nikilitenda nikiwa na marafiki zangu?

Mwaka 2020 mke wangu na wenzake hawakwenda kokote kwa sababu ya korona. Baadaye walianza tena. Agosti iliyopita nilimpeleka kituoni alfajiri, kukiwa na ukungu mzito, nikambebea begi. Siku nne nilikamua ng'ombe, nikapika ugali ambao watoto waliula bila kusifu. Alirudi Jumatatu usiku na pakiti ya mabuyu kwa watoto na chembe za mchanga katika viatu vyake. Aliketi karibu na moto akaanza kusimulia, na nilipomuuliza kuhusu mmoja wa wenzake, alinyamaza kidogo akasema, "Hilo ni lake, Baba Watoto." Nikamwongezea chai.

Mungu azibariki ndoa zenu, na marafiki waliowasaidia kuwa watu mnaopendwa leo.